Kabla ya darasa la kwanza, kuna kibanja

Mwaka 1968 wakulima na wavuvi wa Kanda ya Ziwa walianza kufundishwa kusoma kwa mtindo mpya. Mradi wa serikali uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, haukuwagawia watu wazima vitabu vya watoto wa shule. Uliwaandikia vitabu kuhusu kazi zao wenyewe: pamba kwa mkulima wa pamba, uvuvi kwa mvuvi, ndizi kwa mwenye migomba. Mtu alijifunza silabi huku akisoma habari za shamba alilotoka kulipalilia asubuhi ile. Mtindo huo uliitwa kisomo chenye manufaa, na baadaye ukaenezwa nchi nzima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika Tanzania walikuwa wapata 67 katika kila 100. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39.

Leo ukipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, wilayani Muleba, migomba ile bado imezizunguka nyumba; shamba hilo la nyumbani ndilo kibanja. Chini yake kuna mibuni, maharage na magimbi, na uani kuna jamvi la kahawa inayokauka. Mtoto wa miaka mitatu au minne huamka katikati ya vyote hivyo kila siku. Lakini katika nyumba nyingi masomo yake huhesabiwa kuwa hayajaanza mpaka anunuliwe sare na daftari.

Tunawachelewesha watoto bure. Mtoto mdogo hujifunza kama walivyojifunza wakulima wale: hukishika kitu, husikia jina lake kwa mtu anayempenda, kisha hukiona tena kwenye ukurasa. Vya kushika Kamachumu inavyo tele, na watu wa kuvitaja wapo. Kilichopungua ni kitabu, pamoja na dakika chache za mtu mzima aliyeamua kuzitenga.

Pengo huanza mapema

Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba nchini ukiwapima watoto kwa majaribio ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni takriban watatu tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Wengi walimlaumu mwalimu, na ni kweli kwamba madarasa yamejaa na vitabu ni vichache. Lakini mtoto anayefika shuleni bila kuwahi kushika kitabu, bila kujua kinafunguliwa upande gani wala kwamba zile alama nyeusi ni maneno, humpa mwalimu huyo kazi ya miaka mitano aimalize kwa mwaka mmoja.

Kagera ina ushahidi wake kuhusu uzito wa nyumbani. Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera ulianza mwaka 1991 kwa kufuatilia kaya zaidi ya 900, kisha watafiti wakawatafuta watu wale wale mwaka 2004 na tena mwaka 2010. Ulianza wakati ukimwi ukiwa umeuumiza vibaya mkoa huu, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983. Uchambuzi wa takwimu zake ulionyesha kuwa mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipoteza kwa wastani karibu mwaka mzima wa shule, na hakuja kuufidia ukubwani. Shule zilikuwepo na walimu walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa nyumbani.

Mahali pa mtu huyo mara nyingi pameshikwa na bibi. Muleba inalijua hili kuliko wilaya nyingi. Nshamba ndiko lilikoanzia shirika la Kwa Wazee mwaka 2003, likiwapa pensheni wazee, wengi wao wakiwa bibi wanaolea wajukuu. Kwa hiyo tukizungumzia kumfundisha mtoto nyumbani, tusimfikirie mama na baba peke yao. Tumfikirie na bibi mwenye miaka 70, asiye na miwani, ambaye kichwa chake kimejaa hadithi.

Serikali nayo imelitambua jambo hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Inataja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Afya ina zahanati na lishe ina mhudumu wa kupima uzito wa mtoto. Ujifunzaji wa awali hauna dirisha la kupangia foleni. Unafanyika nyumbani au haufanyiki.

Hesabu ndani ya mkungu

Tuanze na kitu kisichokosekana. Mkungu wa ndizi umejipanga wenyewe kwa hesabu: una chana kadhaa, na kila chana ina ndizi zake. Mkungu ukishushwa, mtoto wa miaka minne ahesabu chana. Wa miaka sita ahesabu ndizi za chana moja, kisha aulizwe: chana mbili zitakuwa na ndizi ngapi? Chana ya juu na ya chini, ipi ina ndizi kubwa? Tukimenya kumi na wanaokula ni watano, kila mmoja atapata ngapi? Hapo pana kuhesabu, kulinganisha, kujumlisha na kugawanya, na chakula kinaendelea kuandaliwa.

Kisha kuna majina. Mama wa Kihaya haendi kukata ndizi tu. Anajua hii ni enchoncho, ile ni enshakala, hii ni gonja ya kuchoma, ile kainja ya kutengenezea pombe, na ile kanana ya kula mbivu. Anazitofautisha kwa rangi ya shina, umbo la mkungu na urefu wa ndizi. Kupanga vitu katika makundi kwa sifa zake ndiko kunakoizaa sayansi ya mimea, na ni kazi ile ile atakayofanya mtoto atakapotakiwa kutofautisha b na d. Mama akimwonyesha, akamwacha ajaribu kutambua mwenyewe na akamsahihisha kwa upole, somo limekamilika.

Kuanzia katikati ya mwaka, buni zikivunwa, uani pana somo lingine. Buni mbichi zina rangi nyekundu, njano na kijani. Zilizokauka ni nyeusi. Mtoto azichambue kwa rangi, azipange mafungu ya tano tano, kisha ya kumi kumi. Mgeni akija na kikatolewa kibakuli cha kahawa ya kutafuna, mtoto apewe heshima ya kuwagawia watu, kila mmoja sawa na mwenzake. Ukifika msimu wa senene, kabla hawajaingia kwenye kikaango, amtazame mmoja vizuri: miguu mingapi, mabawa mangapi, huyu wa kijani na yule wa kahawia wametofautiana wapi tena?

Jambo moja la tahadhari. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na buni au punje ya haragwe inaweza kumkaba au kumnasa puani. Huyo apewe vitu vikubwa: ndizi nzima, magunzi ya mahindi, vikombe vya plastiki vya kujaza maji na kumwaga. Wakubwa wakichambua kahawa au maharage, mtu mzima awe karibu, na mikono ioshwe baadaye.

Mikono kabla ya kalamu

Wazazi wengi hupima maendeleo ya mtoto kwa daftari. Mtoto wa miaka minne akirudi na ukurasa uliojaa a, a, a, tunafurahi; akirudi na matope mikononi, tunasema alikuwa anacheza tu. Kumbe matope ndiyo yanayomwandaa kwa ule ukurasa. Kushika kalamu kunataka misuli midogo ya vidole iliyokomaa, na misuli hiyo hukomaa kwa kufinyanga, kusuka, kufunga fundo, kumenya na kuchambua. Mtoto aliyelazimishwa kalamu kabla ya wakati huikamata kwa ngumi, huchoka upesi na huanza kuchukia kuandika.

Haya aliyajua pia daktari wa Italia Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa watu maskini. Aliwapa watoto herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti zake, kabla ya kupewa kalamu. Mafunzo yake yaliingia Tanzania zamani, na masista wa Kikatoliki wanaendesha vyuo vya walimu wa mtindo huo. Herufi za namna hiyo hazihitaji duka. Chukua kipande cha boksi la sabuni, chora herufi kwa uji mzito wa muhogo, nyunyizia mchanga laini, uache ukauke. Mtoto apitishe kidole juu ya m huku akisema sauti ya kwanza ya mgomba, mama, maji.

Palipokosekana hata boksi, pana majivu. Yatandaze kwenye ungo au sinia, mtoto aandike kwa kidole, akikosea afute na kuanza upya bila kuchafua karatasi na bila kuogopa kalamu nyekundu. Vifuniko vya soda vikiandikwa herufi kwa wino usiofutika huwa seti nzima ya kuunda maneno. Majani makavu ya migomba huwa mpira, kamba na mwanasesere. Bibi anayesuka mkeka humfundisha mjukuu utaratibu wa ukindu mweusi mmoja, mweupe mmoja, mweusi mmoja. Mtoto anayeweza kubashiri unaofuata ameshaanza hisabati.

Mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania nao unasisitiza kujifunza kwa michezo na vitendo. Mzazi anayemwachia mtoto udongo na majivu yuko upande mmoja na mtaala. Anayedai mtoto wa miaka minne apewe kazi nyingi za nyumbani za kunakili ndiye aliyeuacha.

Kitabu kina kazi yake

Hata hivyo kibanja peke yake hakitoshi, na tusijifariji kwa hilo. Mtoto anaweza kuwajua senene wote wa Muleba na bado akashindwa kusoma. Kitabu kina mambo yasiyopatikana kwenye mazungumzo ya kawaida: sentensi ndefu zilizokamilika, maneno ya mambo asiyoyaona kila siku kama jangwa, meli au simba, na mazoea ya kufuata habari tangu mwanzo hadi mwisho. Kitabu pia husema maneno yale yale kila kinapofunguliwa, na kwa mtoto mdogo hilo ni jambo la ajabu na la kufurahisha. Ndiyo maana huomba hadithi ile ile mara nyingi, na ndiyo maana tusimkatalie.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko wingi wa kurasa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Grover Whitehurst walichapisha jaribio dogo. Wazazi wote walikuwa wakiwasomea watoto wao wa miaka miwili nyumbani, lakini nusu yao walifundishwa kumuuliza mtoto maswali ya wazi, kusubiri jibu na kuliongezea maneno. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa wazazi hao waliwatangulia wenzao kwa miezi kadhaa katika uwezo wa kujieleza.

Watu wa Kamachumu hawapaswi kuona mtindo huo kuwa mgeni. Hadithi ya Kihaya haisimuliwi kwa msikilizaji aliyenyamaza. Mmarekani Peter Seitel, aliyekusanya hadithi za Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980 katika kitabu See So That We May See, alionyesha jinsi msimulizi na wasikilizaji wanavyoitikiana kabla hadithi haijaanza, kila upande ukifanya kazi yake. Kitabu kisomwe vivyo hivyo. Fungua picha kwanza, umuulize mtoto anaona nini. Akijibu kwa neno moja, mjibu kwa sentensi. Mwache afungue ukurasa mwenyewe. Mkifika pabaya, muulize: unadhani sungura atafanya nini sasa? Mkimaliza, hadithi itoke ukurasani iende kibanjani: tukatafute mti kama ule wa kwenye picha.

Hilo linachukua dakika kumi. Mama aliyetoka shambani, akateka maji na sasa anapika, ana haki ya kuuliza dakika hizo atazitoa wapi. Jibu la haki ni kwamba zisitoke kwake peke yake. Baba akisharudi na kuoga anaweza kusoma kurasa nane. Kaka wa darasa la tano anaweza kumsomea mdogo wake, na yeye mwenyewe akazidi kusoma kwa ufasaha, kwa kuwa mdogo hamcheki anapokwama.

Na asiyejua kusoma hana sababu ya kukaa pembeni. Bibi anaweza kushika kitabu cha picha na kukisimulia kwa maneno yake, kwa Kihaya. Wapo wazazi wanaoogopa kwamba Kihaya kitamchelewesha mtoto katika Kiswahili cha shuleni. Woga huo hauna msingi. Mtoto aliyeelewa kwa Kihaya maana ya nusu, ya kubwa zaidi na ya kwa nini, akifika shuleni hujifunza jina jipya tu la jambo analolijua. Asiyeelewa kwa lugha yoyote ndiye mwenye kazi mbili. Kwa hiyo Kihaya kitiririke na bibi, Kiswahili kiingie na kitabu.

Kitabu cha kushonwa nyumbani

Kuna kitabu ambacho kila nyumba inaweza kuwa nacho wiki hii. Chukua karatasi nne nyeupe upande mmoja, hata za kalenda ya zamani. Zikunje katikati, uzishone kwa uzi kwenye mkunjo. Mtoto achore: mbuzi wetu, bibi yangu, siku ya kwenda mnadani. Kisha aseme sentensi moja kwa kila picha, na mtu mzima au kaka aiandike chini kama ilivyosemwa, kwa herufi kubwa na wazi. Mkisharudia kuisoma mara chache, mtoto ataanza kuonyesha neno kwa kidole, kwa kuwa neno hilo ni lake.

Hapo ndipo mkono na kitabu vinapokutana. Mtoto anagundua kuwa maandishi ni maneno ya mtu yaliyowekwa ili yasipotee, na kwamba yeye naye anaweza kuyaweka. Wakulima wa Ziwa Magharibi walipewa vitabu vya ndizi vilivyoandikwa na wataalamu. Mtoto wa leo anaweza kupewa kitabu cha ndizi alichokisema mwenyewe.

Vitabu vitoke wapi

Vilivyochapishwa vipo, ingawa njia ya kufika Kamachumu ni ndefu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukisaidia uandishi na uchapishaji wa hadithi za Kiswahili tangu mwaka 1991, na wachapishaji kama E&D Vision na Mkuki na Nyota wana vitabu vya watoto vyenye picha za watoto wanaofanana na wetu. Bukoba mjini kuna maktaba ya mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwenye simu ya kupangusa anaweza kufungua African Storybook, hazina ya hadithi za bure iliyoanza mwaka 2014, yenye vitabu vingi vya Kiswahili vinavyoweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila intaneti. Vipindi vya elimu vya watoto vya shirika la Ubongo la Dar es Salaam vinasaidia pia, mradi mtu mzima aketi na mtoto waulizane, simu isigeuzwe yaya.

Lakini mnunuzi mmoja mmoja hatafika mbali. Kamachumu ina desturi ya kufanya makubwa kwa kushirikiana. Eneo hili limejenga shule, makanisa na hospitali kwa mikono ya watu wake. Rutabo palikuwa makao ya Askofu Laurean Rugambwa kabla hajawa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, na hospitali ya Walutheri ya Ndolage imehudumia vizazi. Pale pale mama wanapopeleka watoto kliniki, palipo na benchi na kungoja kwingi, panafaa sanduku la vitabu thelathini. Parokia, usharika na msikiti vinaweza kuwa na sanduku kama hilo, na binti aliyemaliza kidato cha nne akaandika kwenye daftari nani amechukua kipi. Vitabu vitachakaa. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimelipa gharama yake. Kilichofungiwa kabatini kikang'aa ndicho hasara.

Na kila Desemba wana Kamachumu wa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hupanda mabasi kurudi nyumbani kwa Krismasi. Mizigo yao hujaa nguo, mikate, sukari na zawadi za wazee. Ninawaomba waongeze vitabu viwili vya watoto vya Kiswahili kwa kila familia, na wakifika wasivikabidhi tu. Wakae chini wavisome na watoto, ili bibi na kaka waone inavyofanyika na waendelee mabasi yakishaondoka. Shule hufunguliwa Januari. Mtoto atakayeingia darasa la awali akiwa amehesabu chana za mkungu, amefinyanga, amejibu maswali ya hadithi na amekuwa na kitabu chenye sentensi zake mwenyewe, mwalimu wake hataanzia mwanzo.